Maana ya chanjo ya mafua ya kumeza inayobebwa na bakteria

Chanjo ya kumeza inayobebwa na bakteria ni chanjo ambayo mtu hachomwi begani, bali huimeza ikiwa ndani ya bakteria waliopunguzwa makali, au wasio na madhara, na kupewa uwezo wa kutengeneza kipande cha kirusi, ili mwili ukitambue kipande hicho na kujiandaa. Kwa homa ya mafua, bado iko mikononi mwa watafiti.

Homa ya mafua si kamasi za siku mbili. Mwaka 1918 iliua makumi ya mamilioni ya watu duniani. Kirusi chake kina protini iitwayo hemaglutinini, yenye kichwa na shina. Chanjo zilizopo hulenga zaidi kichwa, nacho hubadilika kila mara, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko wa chanjo mara 2 kwa mwaka, Februari na Septemba. Shina halibadiliki sana, wala kijisehemu cha protini ya M2 kinachochomoza nje ya kirusi. Mwili uliofunzwa kuvitambua hivyo unaweza kukabili aina nyingi za mafua, na hiyo ndiyo kinga pana.

Bakteria anafaa kwa sababu utumbo una chembe nyingi za kinga ambazo zinaweza kumtambua kuwa mgeni, kisha huzalisha kingamwili za kulinda utando wenye ute, na matumaini ni kwamba zitafika pia kwenye utando wa pua na koo, ambako kirusi hupenyea. Njia yenyewe si ngeni: chanjo ya taifodi ya Ty21a ni bakteria hai aliyedhoofishwa, humezwa kwa vidonge.

Mtu aliyewahi kumwona mhudumu wa afya kwenye kivuko cha Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, amekumbatia kisanduku cha chanjo ambacho lazima kibaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, ataelewa kwa nini mimi navutiwa zaidi na *Bacillus subtilis*, bakteria ambaye mbegu zake (spora) hustahimili joto kali.

Hata hivyo, chanjo za kumeza za polio na rota (kirusi kinachoharisha watoto) zimeonyesha nguvu ndogo zaidi kwa watoto wa nchi maskini, ambao matumbo yao huandamwa na maambukizi. Aidha, antibayotiki huweza kuua bakteria hai wa chanjo, na huku kwetu mzazi huweza kuinunua duka la dawa jirani asubuhi hiyo hiyo mtoto anapopelekwa kliniki. Kwa hiyo chanjo hii itapaswa kujaribiwa pia kwa watu wa visiwani na mialoni, pamoja na maji wanayokunywa na dawa wanazotumia.