Rangi mpya ya butiki haijazi mboga ndani

Watu wengi wanaamini kwamba ukipaka butiki ya mtaa, yaani kiduka cha vyakula, rangi ya kijani, ukachora karoti mlangoni na kuandika "Chakula Bora", majirani wataanza kula vizuri. Si hivyo. Bango humwambia mteja kilichomo ndani. Kama ndani mna biskuti na soda tu, linadanganya.

Mfano unaotajwa sana ni Philadelphia, Marekani, ambako shirika la The Food Trust lilianza mwaka 2004 kufanya kazi na maduka ya mitaani. Mabango yalikuwepo, ndiyo, lakini wenye maduka walipewa pia mafunzo, na baadhi yao rafu na friji za kutunzia matunda na mboga. Sehemu hiyo ndiyo tunayoisahau, labda kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Sasa tazama butiki ya Kadutu, hapa Bukavu. Mama mwenye duka akinunua mafungu ya lenga-lenga (mchicha) asubuhi, jioni majani yamelegea, na hasara ni yake peke yake. Biskuti zinamsubiri mteja mwezi mzima bila kulalamika. Umeme nao unakatika, kwa hiyo hata friji si dawa ya kila kitu. Heri aanze na visivyoharibika haraka: maharagwe, karanga, sambaza wakavu (samaki wadogo wa ziwani), vitunguu. Mboga achukue kidogo kidogo, aziweke kivulini na kuzinyunyizia maji, mbele kabisa ambapo mteja anasimama kulipa.

Rangi ije baada ya hapo.