Mwingiliano wa masafa kwenye maiki zisizo na waya

Mwingiliano wa masafa hutokea risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya maiki, inapopokea mawimbi isiyoyahitaji pamoja na yale inayoyasubiri. Kwenye maiki zisizo na waya, sauti hukatikakatika, spika hukoroma, au husikika mtu ambaye hata ukumbini hayumo.

Kabla ya kulaumu betri, zima maiki zote, iache risiva ikiwaka, kisha tazama taa yenye alama ya RF (mawimbi ya redio). Ikiwaka, kuna kitu kingine kinachorusha mawimbi kwenye masafa yako. Anza kuzima vilivyo karibu, kimoja baada ya kingine: skrini ya LED, ruta, kompyuta, chaja. Taa ikizimika, mchawi umempata. Kwenye kumbi za harusi mara nyingi huwa ni skrini ya LED, na bado mafundi hupenda kuficha risiva nyuma yake.

Pengine taa haiwaki, lakini maiki zote zikiwashwa vurugu huanza. Hapo maiki zenyewe ndizo zinazogombana. Mbili zikirusha kwa pamoja huzaa masafa mapya: ya megahezi 600.0 na ya 600.4 huzaa 599.6 na 600.8. Maiki ya tatu ukiiweka 600.8 itasumbuka hata mkiwa porini. Kwa hiyo kuachanisha maiki kwa nafasi zinazolingana, jambo linalopendeza machoni, ndiko kunakoleta balaa. Risiva nyingi zina makundi ya chaneli yaliyokwisha kukokotolewa kiwandani ili zisigombane. Maiki za aina moja zichagulie chaneli tofauti ndani ya kundi moja.

Maiki za mitumba zichunguzwe kibandiko kinachoonyesha masafa yake. Barani Afrika, masafa ya megahezi 694 hadi 862, yaliyokuwa ya televisheni za analojia, yametengewa pia simu za mkononi. Maiki ya masafa hayo inaweza kufanya kazi vizuri leo na kuzidiwa nguvu kesho mnara wa simu ukiwashwa jirani. Zile za gigahezi 2.4 hugawana nafasi na Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo msongamano ni wa kawaida.

Antena za risiva zipandishwe juu ya vichwa vya watu na zionane na jukwaa. Mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, hufyonza mawimbi, kwa hiyo maiki iliyojaribiwa mchana ukumbi ukiwa mtupu inaweza kukatika usiku wageni wakisimama kucheza.