Nyuzi 30 si joto mara mbili ya nyuzi 15

"Leo Dar nyuzi 30, Lushoto 15, kwa hiyo Dar kuna joto mara mbili." Wengi husema hivyo, nao wanakosea. Geuza vipimo hivyohivyo viwe Farenhaiti: 86 na 59. Ile "mara mbili" imeyeyuka!

Sifuri ya Selsiasi, kipimo cha hizo nyuzi 30 na 15, haina maana kwamba joto limekwisha. Ni pale tu maji yanapoganda. Kwa hiyo kutoa ni halali, kugawanya hapana. Kwa Kelvini, kipimo cha joto chenye sifuri ya kweli, yaani pale joto limekwisha kabisa, Dar imezidi kwa takriban asilimia 5 tu.

Kilo za unga hazina shida hiyo, maana sifuri ni gunia tupu. Na namba za jezi? Hizo ni majina tu. Kuzitafutia wastani ni kujichosha.