Je, wajua kwa nini jeki hutoboa Mercedes ya kifahari ya zamani?

Rolls-Royce Silver Cloud ya mwaka 1955 haisumbui sana kwenye jeki. Ina chesisi ya chuma kinene, bodi imekalia juu yake, nawe unainua chesisi. Mercedes-Benz W111, ile kupe (ya milango miwili na paa gumu) na ile ya paa la kukunja zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hasa kizingiti, yaani boksi la bati linalopita chini ya mlango. Kiwandani walipitisha vipande vya bomba ndani ya kizingiti hicho, kila kimoja na kizibo chake cha mpira, na mkono wa jeki huingia humo.

Kizibo kikipotea, tairi hurusha maji na tope ndani. Bomba huanza kuoza pale liliposhikana na bati la ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Siku ya pancha jeki inapanda, gari linabaki palepale, kizingiti kinachanika.

Fundi anayeweka pointi mpya, yaani mahali pa kuingizia jeki, huanza na uzito. Gari likiinuliwa ubavuni, pointi moja inaweza kubeba hadi karibu nusu yake. Kwa gari la kilo 1,600 hizo ni kilo 800. Zikikalia eneo la sentimita 4 kwa 4, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 50, nalo bati lina unene wa milimita 1 hivi. Bati lililolala haliwezi. Mzigo upelekwe kwenye kuta zilizosimama wima, kwa hiyo bomba lichomelewe pande zote mbili, bati la nje na la ndani.

Kiraka cha kuimarisha cha milimita 2 kinatosha. Wengi hupenda kuweka kinene zaidi, halafu bati jembamba linapasuka pale kiraka kinapoishia, kwa sababu mkunjo wote umehamia hapo. Kata ncha zake mshazari. Acha tundu la kutolea maji, na nta ya kuzuia kutu ipigwe baada ya kuchomelea. Ikitangulia inashika moto. Gari la paa la kukunja lichomelewe likiwa limekalia magurudumu yake, milango imefungwa, la sivyo kizingiti kitaganda kikiwa kimepinda.

Kupima pointi mpya kunataka sakafu ya zege, kabari kwenye magurudumu ya upande wa pili, na stendi chini ya gari ikiacha nafasi ya sentimita 2 tu. Asiingie mtu chini. Funga geji ya mshale, inayoonyesha bati limesogea kiasi gani, karibu na pointi, pima pia mwanya wa mlango kwenye kona ya juu nyuma. Inua mpaka gurudumu liache sakafu, subiri dakika 10, shusha, soma. Mara ya kwanza mshale unaweza usirudi sifuri, maana rangi na mastiki (uji wa kuziba maungio ya bati) zimebanwa. Mara ya pili ndiyo ya kuamua: mshale ukizidi kusogea, bati linaendelea kubonyea.

Mwanya wa mlango nao utabana kidogo gari likiwa juu; bodi isiyo na paa hujikunja, na ndiyo maana mlango haufunguliwi wakati huo. Gari likishushwa mwanya usiporudi, kosa haliko kwenye pointi. Kizingiti chote kifunguliwe.