Kindi na mbegu iliyopandwa jana

Kila mvua za vuli zinapokaribia hapa Ukambani, wenye bustani za nyumbani ninaowashauri huniuliza ni mnyama gani anayefukua mahindi na kunde zao usiku. Jibu langu huwashangaza, kwa sababu mwizi huyo haji usiku. Kindi wa ardhini hulala shimoni giza linapoingia na hutoka jua likishaipasha ardhi joto, kwa hiyo kazi yake huifanya mchana, mara nyingi saa ambazo watu wako sokoni na mbwa amejilaza kivulini.

Ukiinama kwenye tuta alilopitia utaona vishimo vyenye umbo la faneli, kimoja kwa kila mbegu, vikiufuata mstari uliopandia kana kwamba aliushika uzi wako mwenyewe, na kando yake maganda ya punje. Hutegemea pua zaidi ya macho, na udongo uliotifuliwa karibuni humrahisishia kazi. Mche ukishatoa majani matatu, akiba iliyokuwa ndani ya punje imekwisha, naye hana tena sababu ya kufukua. Maana yake ni kwamba mbegu huhitaji ulinzi kwa muda wa siku kumi hadi wiki mbili, wala si msimu mzima. Nimewaona watu wakimaliza fedha kwa kuzungushia bustani uzio ambao kindi aliupita kwa chini siku ya pili.

Ninachokiamini ni wavu wa waya wenye matundu ya milimita 13, ulazwe juu ya tuta mara tu baada ya kupanda, kingo zake zifukiwe kiasi cha sentimita 10 au zikandamizwe kwa mawe. Wavu wa kawaida wa kuku haufai sana kulazwa hivyo, kwa kuwa matundu yake huruhusu mkono wa kindi kupenya na kuchokora. Miche ikianza kugusa waya, uondoe kabla majani hayajanasa. Asiye na waya akate matawi ya mgunga yenye miiba na kuyapanga yakipishana. Hayapendezi machoni, lakini hufanya kazi. Kwenye vyungu, madebe na magunia ya mboga, funika udongo kwa mawe yenye ukubwa wa yai la kuku, ukiacha nafasi ya shina tu.

Pilipili husifiwa kupita uwezo wake. Ni kweli kwamba ukali wake humchoma kindi na wanyama wengine wanyonyeshao, ilhali ndege hawausikii, lakini maji huusafisha. Msimu mmoja niliinyunyiza jioni kwenye tuta langu la kunde, usiku kukanyesha manyunyu tu, na kesho yake adhuhuri nikakuta nusu ya tuta imefukuliwa. Tangu hapo huitumia kiangazi peke yake, na kila nikimwagilia huirudia. Vitunguu na machicha ya kahawa sikuona tofauti yoyote.

Njia nyingine ni kuufupisha muda wa hatari wenyewe. Shambani watu hupanda vumbini wakiisubiri mvua, na mbegu hukaa siku nyingi ikinukia chini ya udongo mkavu. Bustanini, palipo na maji ya ndoo, hakuna haja hiyo. Mahindi yasiyopakwa dawa yaloweke usiku mmoja, yapande asubuhi na kumwagilia, nayo yatachomoza mapema. Maboga na matango yaoteshe kwanza makoponi juu ya meza, kisha uyahamishe yakiwa na majani kamili. Zoa pia chakula cha kuku kilichomwagika na njugu zinazoanikwa uani, maana ndivyo vinavyomleta kwanza.

Mahindi yaliyochanganywa na sumu siyapendekezi hata kwa aliyepoteza tuta zima: kanga, njiwa na kuku wa jirani hula punje hizohizo, na ndege mla mizoga anayemwokota kindi aliyekufa anaweza kufa naye.

Kindi wa mitini, yule mdogo anayeshuka kutoka mwembeni, hana haja na mahindi ya tutani kama ndugu yake, lakini huchimba vyungu vya barazani. Kwake mawe yale yale hutosha, mradi chungu hakiko chini ya tawi analoweza kulitumia kama ngazi.