Terria wako hataki tizi? Anza na shimo

Video zinazonifikia WhatsApp zinafanana sana. Mwenye mbwa kashika kipande cha nyama, mbele kuna stuli au beseni limegeuzwa, Jack Russell, mmoja wa wale mbwa wadogo wa jamii ya terria, kakaa pembeni, "Bosi panda, panda basi baba, Bosi!" na Bosi anaangalia ukuta ambao mjusi kapita dakika mbili zilizopita. Afu chini ya video kuna swali: huyu mbwa mvivu au kichwa kigumu?

Mvivu hapana. Mbwa mvivu hachimbi chini ya fensi saa nane usiku mpaka atokee kwa jirani. Kichwa kigumu, eeh, kipo, ila kina sababu zake na ukishazijua kazi inapungua nusu. Mi nafanya mazoezi ya viungo kwa mbwa hapa Dar, wengi wanaletwa na madaktari wa mifugo, wengine wametoka kupasuliwa goti, wengine wamenenepa tu, na katika aina zote za mbwa ninaowashika terria ndo wananichekesha na kunichosha ndani ya saa moja hiyo hiyo.

Hawa mbwa wametengenezwa Uingereza kwa kazi ya kuingia mashimoni. Jack Russell kapewa jina la mchungaji mmoja wa kanisa kule Devon, John Russell, aliyezaliwa 1795 akafariki 1883. Inasimuliwa kwamba mwaka 1819 akiwa mwanafunzi Oxford alikutana na muuza maziwa ana jike anaitwa Trump, akampenda akamnunua hapo hapo, na kizazi cha mbwa wake kikaanzia kwa huyo jike. Kazi ilikuwa mbweha. Mbweha akizama shimoni mbwa wakubwa wanabaki juu wanabweka, terria anaingia peke yake kule chini, giza, bwana wake hamwoni, amri haifiki, anaamua mwenyewe asogee au asimame au abweke mpaka mbweha atoke. Mbwa wa kusubiri maelekezo alikuwa hana faida kule, kwa hiyo aliyeendelea kuzalishwa ni yule mwenye maamuzi yake. Sasa miaka mia mbili baadaye wewe unamwambia apande beseni, hakuna mnyama, hakuna harufu, hakuna kitu cha kukimbiza, anakuangalia tu: ili iweje?

Labrado, yule mbwa mkubwa mpole, atapanda ili ufurahi. Terria anataka dili.

Ila kabla hatujafika kwenye dili naomba tuongee maumivu, maana mbwa anayekataa zoezi mara nyingi anajua kitu ambacho we hujakiona. Kwa mbwa wadogo tatizo la kwanza ninalolitafuta ni pia ya goti kuhama njia yake. Utamwona anakimbia vizuri, ghafla mguu mmoja wa nyuma anaubana juu, anaruka ruka hatua tatu nne, anaushusha anaendelea kama hakuna kitu, na watu wanapenda, wanasema ana mikogo. Sio mikogo. Kuna na wale wadogo ambao hawajafika hata mwaka, hasa terria wa aina ya Westie na Yorkshire, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu kinaanza kuharibika, mbwa anachechemea na paja linasinyaa. Huyo ukimpa skwati unamwongezea mateso tu.

Afu kupe jamani. Huku kwetu mbwa aliyepoa ghafla, hataki kutoka, anapanda ngazi kwa kujivuta, mi wazo langu la kwanza ni homa ya kupe hata kama mwenye mbwa anaapa kamwogesha dawa wiki iliyopita. Inua mdomo uangalie fizi, zikiwa zimepauka tizi linaahirishwa, anaenda kwa dokta. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 mpaka 39.2, kwa hiyo usishtuke ukimshika ukaona wa moto kuliko wewe, tumia kipimo.

Kitu kidogo ambacho watu wanakidharau ni sakafu. Nyumba zetu ni taili kila kona, mbwa anateleza, akiteleza mara mbili juu ya taili beseni linaingia kwenye orodha ya maadui. Tandika mpira au zulia lisilosogea, na kama unasikia kucha zinagonga chini akitembea ujue ni ndefu, zikatwe kwanza.

Haya, tuseme dokta kamwangalia na yuko sawa. Kwanini umsumbue kabisa wakati anakimbia uani kutwa? Ni kwamba mbwa akisimama karibu asilimia 60 ya uzito wake uko miguu ya mbele, nyuma kunabaki kama 40, na kule kukimbiza paka kwa dakika moja afu kulala masaa matatu hakujengi nyuma wala tumbo, kunajenga kufunga breki kwa mabega. Na uzito. Jack Russell wa kilo 6 akiongeza kilo moja watu wanaona kapendeza, sasa piga hesabu, ni sawa na mtu wa kilo 70 kuongeza karibu kilo 12. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2002, Labrado 48, nusu yao walikuwa wanapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao maisha yao yote, na hao waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi na magonjwa ya viungo yaliwachelewa. Labrado sio terria, najua, lakini goti ni goti.

Sasa dili lenyewe ni shimo. Tafuta tairi kuukuu la lori, au sanduku pana la mbao, au kona moja ya bustani ambayo umekubali kuipoteza, jaza mchanga uliochekechwa, usiwe ule wa saiti wenye misumari na vigae ndani. Zika humo kitambaa cha kuvutana au vipande viwili vitatu vya firigisi. Usiku funika, la sivyo paka wa mtaa mzima watakugeuzia choo. Siku za mwanzo usidai kitu chochote, mwache achimbe, we kaa uangalie, na angalia vizuri maana hapo tayari tizi limeshaanza, mabega yanafanya kazi, mgongo unafanya kazi, miguu ya nyuma imepanuka inakamata ardhi ili mbele kuwe huru. Mbwa ambaye jana alikataa kusimama wima sekunde mbili leo anaganda hivyo dakika nzima na hajaambiwa na mtu.

Akishalipenda shimo, lifungie. Geti dogo, ubao, chochote, lakini njia ya kwenda huko inapita kwako. Weka beseni lililogeuzwa mbele ya geti, lisiyumbe, urefu wake usizidi kiwiko chake. Simama. Mikono nyuma, kimya. Hapo ndo wengi wanashindwa, kule kukaa kimya. Bosi, yule wa kwenye video, mara ya kwanza alianza na kubweka, akazunguka, akakaa, akanipa mkono, akalala chali akaonyesha tumbo, yani alitoa biashara zote alizonazo dukani. Mi kimya. Akaamua apite pembeni yangu achungulie geti, na katika kupita kidole kimoja cha mguu wa mbele kikagusa ukingo wa beseni. "Haya!" Geti likafunguka. Akachimba nusu dakika, nikamwita nikampa firigisi ya kurudia, tukaanza tena. Raundi kama ya nne akasimama, akaangalia beseni, akaniangalia mimi, akaangalia beseni, akanyanyua mguu taratibu kabisa akauweka juu akiwa kageuza shingo kuniangalia usoni, anapima. "Haya!" Ungeona ule mkia. Kuanzia hapo mi ndo nilikuwa naombwa.

Baada ya hapo unapandisha bei kidogo kidogo. Mguu mmoja, baadae yote miwili, baadae akae sekunde mbili, tano. Neno lako la kumwambia "umepatia" liwe moja tu na litoke papo hapo mguu unapogusa, likichelewa unakuwa umemlipa kwa kitu kingine alichofanya katikati. Na usimshike mguu ukamwekea juu. Terria ukimshika anakaza mwili mzima na kukuvutia upande wake, afu msuli unaoutaka haufanyi kazi, kazi unaifanya wewe. Usimvute na kamba pia.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu. Hilo la miguu ya mbele juu ya beseni linahamishia uzito nyuma. Skwati ya mbwa ni kukaa na kusimama, lakini akae sawa, magoti yote mawili yakiwa chini yake, wengi wanatupa mguu mmoja pembeni, huyo mkalishe ubavu wake ukiwa karibu na ukuta mguu ukose pa kwenda. Kurudi nyuma kinyumenyume hatua tatu nne kati ya kochi na ukuta kunaamsha mapaja na nyonga kuliko mbio yoyote. Na mabomba ya plastiki ya fundi bomba, manne yanatosha, yawekwe chini kabisa, yasizidi kifundo cha mguu, umbali kati ya moja na lingine uwe kama kimo chake mpaka begani, apite kwa kutembea. Akiruka umeweka juu mno au unamharakisha. Wale ambao hawajafika mwaka hawa wasiruke kabisa, mifupa bado inakua.

Vipimo: dakika 5 za kutembea kwanza, afu kila zoezi mara 3 mpaka 5, seti mbili, jumla isizidi dakika 10, siku tatu kwa wiki na siku ya kupumzika katikati. Ukitaka kuongeza ongeza kitu kimoja, ama mara, ama urefu, ama sekunde, usiongeze vyote Jumatatu moja kwa sababu wiki iliyopita alikuwa vizuri. Ukiwa na futi ya fundi cherehani pima paja la kila upande mahali pale pale, mbwa akiwa kasimama, rudia baada ya wiki sita mpaka nane, usipime kila siku utajikatisha tamaa.

Kuchoka kwa terria ni kitu cha kujifunza peke yake. Mbwa wengine wakichoka wanapunguza spidi, hawa ninavyowaona wanaongeza, wanaanza kufanya haraka haraka na hovyo, anarukia beseni badala ya kupanda, anakaa upande, na mwenye mbwa anashangilia "angalia alivyopata moto!" Spidi inaficha udhaifu. Ukiona hivyo, au mapaja yanatetemeka, au anapiga miayo na kulamba midomo wakati hajala, funga kazi kwa kitu rahisi anachokiweza, fungua geti, kwisha. Na joto la Dar mnalijua, hasa Januari na Februari, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likishazama, maji karibu, na kama mgongo wa mkono wako hauvumilii lami sekunde saba basi na yeye hatembei hapo.

Firigisi zichemshwe bila chumvi wala vitunguu, zikatwe ukubwa wa punje ya hindi, na zitolewe kwenye chakula chake cha jioni, vitafunio visizidi asilimia 10 ya anachokula kwa siku. Siagi ya karanga soma kopo kwanza, ikiwa na zailitoli, ile ya kutia utamu badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa, na chokoleti na zabibu hivyo hivyo.

La mwisho linahusu nani anafanya. Kwa nyumba zetu mwenye mbwa anarudi saa mbili usiku, anayeishi na mbwa ni mlinzi au dada wa kazi, na ukitaka program ife iache kwa huyo mwenye mbwa. Sasa walinzi wengi ni Waislamu na hawataki mate ya mbwa yawaguse, watu wanaona hilo ni kikwazo, mi naona ni bahati. Mzee mmoja Mikocheni aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu, mimi mbwa simshiki." Nikamjibu, "Mzee wangu, hata mimi simshiki." Firigisi anairusha kwa kijiko cha mbao kwenye bakuli, geti analifungua kwa kamba, neno ni hilo hilo moja. Na ndo mkufunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwaachia kazi, kwa sababu haongei hovyo na hana haraka, mbwa anafikiri mpaka anamaliza. Mwenye mbwa akirudi anakuta daftari, siku gani kafanya nini, kakataa nini.

Hilo daftari lisomwe. Terria kukataa siku moja ni kawaida, mvua imenyesha, kuna fundi kapita, mjusi yupo ukutani, achana naye mpaka kesho kutwa. Lakini mbwa aliyekuwa anakimbilia beseni, siku mbili za tizi mfululizo hataki beseni na geti likifunguliwa halifuati hata shimo, huyo usimbembeleze na firigisi. Tafuta kupe masikioni na katikati ya vidole, angalia fizi, pima joto, piga simu kwa dokta siku hiyo hiyo.