Mia kwa mia inafika wapi?

Shemeji yangu wa Dar alinipigia Jumapili jioni, sato akiwa ndiyo kwanza anaanza kushika kikaangoni. Yeye ni mweka hazina wa kundi lao la waliomaliza sekondari pamoja. Wamechanga shilingi milioni 6, wanataka zije Kanda ya Ziwa maana wengi wao wamekulia huku, na mimi nimekagua hesabu za mashirika ya huku kwa miaka 17. "Shemeji," akaniambia, "wewe unayajua yote. Tupe moja tu ambalo mia kwa mia ya hela inafika kwa mlengwa."

Samaki akaungua.

Sentensi hiyo nimeisikia kanisani. Nimeisikia kwenye kamati ya harusi iliyobakiwa na chenji ikaamua kuitoa sadaka. Nimeisikia kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, mtu ambaye kila asubuhi analipa mtumbwi, ushuru, wapagazi na turubai kabla gunia moja halijauzwa, na hajawahi hata siku moja kulalamika kwamba mia kwa mia ya bei haimfikii mvuvi wa Ukara. Dagaa lazima zisafirishwe, hilo analijua. Sadaka anataka ipae. Shemeji alikuwa wa nne, basi naiandika hapa, ili wa tano nimtumie kiungo niendelee kukaanga.

Chukua kichocho. Huku ziwani tunasumbuliwa na kile cha tumbo, kinachokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kuliumiza ini polepole. Vidonge vya kukitibu, prazikwanteli, wanavyomezeshwa watoto shuleni, kwa sehemu kubwa, hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani. Bure kabisa. Sasa shirika dogo linalosaidia umezeshaji visiwani, kwenye bajeti yake mstari wa dawa unakaribia sifuri. Hela yako, shemeji, inakwenda kwenye petroli ya mtumbwi wa injini kutoka Nansio. Inakwenda kwenye siku moja ya kuwafundisha walimu, na kwenye fimbo za kupimia, kwa sababu dozi hukadiriwa kwa urefu wa mtoto. Inakwenda kwenye uji, kwa sababu ukimmezesha mtoto vidonge vile na njaa atatapika, na mwaka unaofuata mama yake atamficha siku ya dawa. Inakwenda kwenye madaftari, na kwa yule kijana anayebaki usiku kuhesabu nani kameza na nani katoroka. Kwenye vitabu vya wafadhili wengi nusu ya hayo huitwa "utawala". Yaondoe yote, uone kama vidonge havitakaa bohari ya wilaya hadi muda wake uishe. Bure.

Sasa nitoboe siri ya kazi. Ile asilimia ya utawala unayoiona kwenye vipeperushi haiokotwi ufukweni kama ganda la konokono. Inatengenezwa, na tunaoitengeneza ni sisi wa vitabu.

Kabla sijawa mkaguzi nilikuwa mhasibu wa shirika moja ambalo sitalitaja. Mfadhili akaandika kwamba mwisho ni asilimia 10 ya utawala, ikizidi hapo hatoi. Sisi tulikuwa asilimia 31. Tukakaa siku mbili, mimi na mkurugenzi, na chupa ya chai. Tulikuwa na dereva. Jumatatu anampeleka mkurugenzi kikao cha mkoa, Jumanne anapeleka vifaa Sengerema, Jumatano gari liko gereji na yeye amekaa kwenye benchi la fundi. Mshahara wake ni wa mradi au ni wa utawala? Ukigawa kwa siku unapata jibu moja. Ukigawa kwa kilomita unapata jingine, tamu zaidi, maana kikao cha mkoa kiko kilomita 3 na Sengerema ni mbali. Tukagawa kwa kilomita. Kodi ya ofisi tukaigawa kwa mita za mraba, kisha maboksi ya mradi tukayahamishia chumba cha mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe tukamwandika "mshauri wa kitaalamu wa mradi" siku tatu kwa wiki. Jioni ya siku ya pili tulikuwa asilimia 9. Hakuna senti iliyoibiwa, hakuna stakabadhi iliyoghushiwa, na kila mgawanyo ulikuwa na kanuni yake iliyoandikwa vizuri. Dereva alikuwa yuleyule, benchi la fundi lilelile. Mfadhili alitusifu kwa kubana matumizi.

Kwa hiyo mtu akinionyesha asilimia 4, ninachokiona mimi ni mhasibu hodari. Mara nyingine ninaona shirika lililo na mfuko wa pili: kuna mashirika ya nje ambayo matajiri wachache hulipa mishahara na ofisi, ndipo wewe mwenye shilingi elfu 20 unaambiwa yako yote imekwenda kisimani. Si uongo. Ila shilingi haina jina. Hela ya matajiri ikikauka, ofisi italipwa na nani?

Kuna hili pia, na ndilo linalonikera kuliko yote, maana watu wanadhani kubana utawala kunazuia wizi. Wizi nilioukuta mimi, mara nyingi, umetokea pale ambapo mtu mmoja anaandika hundi, anatunza stakabadhi, anatoa masurufu na yeye huyohuyo ndiye anayefanya usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, mwisho wa mwezi. Ukiuliza kwa nini hakuna mtu wa pili, unaambiwa wafadhili hawapendi gharama za utawala. Yaani tumeogopa mshahara wa karani tukapoteza mara tatu yake. Wala usije na hoja ya "lakini wana hati safi". Hati safi ni maoni yangu kwamba taarifa za fedha zinaonyesha hali ya kweli kwa mujibu wa viwango. Ukinunua mashine 50 za kukaushia dagaa, zikaandikwa vizuri, zikalipiwa vizuri, kisha zikakaa stoo bila mtu kuzigusa, nitakupa hati safi. Na nitakupa kwa moyo mweupe.

Msinielewe vibaya. Nimeona magari makubwa kuliko kazi. Nimeona posho ya kikao kilichoitishwa kujadili posho. Asilimia 60 ikienda ofisini, uliza, tena uliza kwa sauti. Ila mpaka kati ya kawaida na ulafi siwezi kukupa kwa tarakimu, na anayekupa anakudanganya: shirika la kupeleka magunia ya mahindi na shirika la kutetea wajane waliodhulumiwa mashamba hayawezi kuwa na asilimia moja. Hilo la pili karibu gharama yake yote ni watu na nauli.

Mfano ninaoupenda uko hapo kusini tu mwa mji wetu wa Mwanza. Mwaka 2019 watafiti waligawa aina nne za vyandarua vyenye dawa katika vijiji 72 vya Wilaya ya Misungwi. Kwa macho ni vyandarua tu, picha ya mama anayetabasamu ingekuwa ileile. Baada ya miaka miwili wakawapima watoto damu. Kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida, chenye dawa moja, watoto karibu 46 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Kwenye vijiji vya chandarua chenye dawa ya pili inayoitwa klofenapiri, walikuwa karibu 26. Mbu wetu walikuwa wameshaizoea dawa ya zamani. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chandarua hicho kipya kwa maeneo yenye mbu sugu, na leo kinagawiwa nchi nyingi kuliko tulizowahi kutembelea mimi na shemeji. Swali langu: wale waliochoma vidole vya watoto, waliohesabu kaya, wale wa maabara, walikuwa "walengwa"? Hata mmoja hakuwa. Kwa kipimo cha mia kwa mia, mradi ule wote ni utawala, na shirika lenye utawala sifuri lingeendelea kwa furaha kugawa vyandarua ambavyo mbu wanavitumia kama bembea.

Lakini hata ushahidi nao una visa vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapa hapa Mkoa wa Mwanza, ilijaribiwa kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida za vijijini, na matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yamepungua kwa karibu asilimia 40. Dunia ikashangilia. Kisha majaribio ya Rakai na Masaka, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, kwa mbinu zao, hayakuona punguzo la namna hiyo. Maelezo mojawapo ni kwamba huko janga lilikuwa limeshakomaa, maambukizi hayapitii tena kwenye magonjwa yale ya zinaa yanayotibika. Kama ungeniuliza mwaka 1996 upeleke wapi hela, ningekuonyesha kwa kidole bila kusita. Mwaka 2004 ningejikuna kichwa. Leo nikikuonyesha chandarua, nakuonyesha kwa kidole kilichojifunza kujikunja kidogo.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu nimechoka kuyasema. Makao ya watoto: kabla hujapeleka mchele na sabuni, omba kuona leseni ya ustawi wa jamii, kisha uliza ni watoto wangapi wana mzazi hai au shangazi. Ukikuta ni wengi, na utakuta, uliza ingegharimu kiasi gani kumsaidia shangazi. Visima: usichimbe, nenda kafufue pampu iliyokufa, halafu uulize nani ana ufunguo wa sanduku la hela za vipuri. Nguo za mitumba: hapana. Usajili: cheti si sifa, ni mwanzo tu. Sheria inadai taarifa ya mwaka iliyokaguliwa, na anayekunyima nakala ameshakujibu.

Huwa nauliza nini mimi? Swali la kwanza: hela hii isipokuja, nini hakitafanyika? Ajabu ni kwamba wengi hawana jibu. Kuna mashirika yatakueleza dakika 20 kuhusu maono na dhamira, kumbe kazi ile ile halmashauri ingeifanya mwezi ujao. La pili: mwaka jana mlishindwa wapi? Anayesema "hatujashindwa popote" namshukuru kwa chai. Mama mmoja wa Ukerewe aliniambia wazi kwamba mizinga yao ya nyuki iliibwa yote kwa sababu hawakuwashirikisha vijana wa kijiji. Pale pale nilitoa hela yangu mwenyewe.

Na bajeti ikiwa na semina tano, najiuliza la tatu kimoyomoyo: tungewapa wenyewe mkononi? Siyo mzaha. Siaya, upande wa Kenya wa ziwa, zaidi ya kaya 10,000 maskini zilipewa kama dola 1,000 kila moja bila masharti, na watafiti walikuta hata majirani wasiopewa walinufaika, kwa sababu hela ilizunguka dukani na kwa mafundi, na bei hazikupanda kwa kiwango cha kutisha. Basi semina yako, ndugu mkurugenzi, ishindane na hilo. Ikilishinda, nitakulipia hata maandazi ya saa nne.

Hapa lazima nikiri. Kila mwezi ninamlipia mgonjwa mmoja bili, mtu nisiyemfahamu, kwa kumsikia tu kwenye foleni ya malipo hospitalini. Kwa hesabu zangu mwenyewe hela ile ingenunua vyandarua vingi, na vyandarua vingezuia homa nyingi zaidi. Nimejaribu kujitetea nikashindwa. Makadirio ya chandarua yenyewe yana dhana juu ya dhana, hilo najua, lakini si sababu. Hata yangekuwa kamili kama mizani ya dhahabu ningelipa tu bili. Siwezi kusimama kwenye foleni ile nikafikiria Misungwi. Nimelitenga kama fungu lake, dogo, lenye kikomo, na silihesabu kwenye yale ninayowashauri wengine.

Basi nilimwambia shemeji yote haya, kwa ufupi zaidi na kwa ukali kidogo, harufu ya samaki ikinikumbusha. Nikampa jina la kikundi kimoja kinachosaidia umezeshaji visiwani, utawala wao ni asilimia 27 na wameuandika bila haya. Jumatano akawa amewashawishi wenzake. Ijumaa nikamtumia bajeti ya milioni 6, mstari kwa mstari. Jana amenirudishia. Petroli imepita, uji umepita, mtu wa takwimu amepita. Ameweka alama ya kuuliza moja tu, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya posho ya nahodha: "Shemeji, huyu hawezi kujitolea?"